Jinsi ya Kuisubiri na Kuitambua Nova ya T Coronae Borealis

Kaskazini mwa anga letu kuna nyota ambayo kwa kawaida huwezi kuiona bila kifaa, lakini ikilipuka humfikia kila mwenye macho, hata aliye katikati ya mji. Jina lake ni T Coronae Borealis. Watu waliiona ikilipuka tarehe 12 Mei 1866, wakaiona tena tarehe 9 Februari 1946. Kati ya milipuko hiyo miwili ilipita takriban miaka 80, na ukihesabu mingine 80 unafika katika miaka yetu hii. Ndiyo maana wanaastronomia wa dunia nzima wanaichunga.

Mwongozo huu ni wa msomaji wa Kenya, Tanzania, Uganda na nchi jirani anayetaka kuiona mwenyewe na, akipenda, kuandika alichokiona kiwe na faida kwa sayansi. Huhitaji darubini ya bei kubwa. Unachohitaji ni kuijua vizuri sehemu moja ndogo ya anga kabla mlipuko haujatokea. Nova haipigi hodi, na kilele chake hudumu kwa saa chache tu. Anayeanza kutafuta kundinyota baada ya kusikia habari redioni hupoteza usiku wa kwanza, pengine na wa pili, na nova hii haina usiku mwingi wa kupoteza.

Kinacholipuka ni nini

T Coronae Borealis ni nyota mbili zinazozungukana kila baada ya siku 227 hivi, umbali wa karibu miaka 3,000 ya nuru kutoka kwetu. Moja ni jitu jekundu, yaani nyota iliyozeeka na kutanuka sana. Nyingine ni kibete cheupe: kiini kilichobaki baada ya nyota kumaliza maisha yake, chenye ukubwa unaokaribia ule wa Dunia lakini uzito unaolizidi Jua.

Mvuto wa kibete huchukua hidrojeni kutoka tabaka za nje za jitu jekundu. Gesi hiyo hukizunguka kibete kwanza katika umbo la sahani, kisha hushuka na kujilundika juu ya uso wake mwaka baada ya mwaka. Chini ya lundo hilo shinikizo na joto hupanda. Gesi ya kawaida ikipashwa moto hutanuka na kupoa, lakini iliyobanwa kwenye uso wa kibete cheupe haina nafasi hiyo. Joto linaongezeka bila gesi kutanuka. Likifika mamilioni ya digrii, muunganiko wa nyuklia unaanza na kuenea katika lundo zima kwa ghafla. Gesi inarushwa angani kwa kasi ya maelfu ya kilomita kwa sekunde, na mng'ao wa mfumo mzima unapanda ndani ya saa chache.

Mlipuko huo haukiui kibete. Hapo ndipo nova inapotofautiana na supanova, ambayo huisambaratisha nyota. Baada ya nova, kibete kinaanza tena kukusanya hidrojeni kutoka kwa mwenzake. Katika mifumo mingi ya namna hii kazi hiyo huchukua maelfu ya miaka kabla ya mlipuko mwingine. Kwa T Coronae Borealis huchukua umri wa binadamu mmoja, kwa sababu kibete chake ni kizito mno na hupokea gesi kwa kasi. Mifumo inayorudia kulipuka hivyo ndani ya miaka isiyozidi mia ni 10 hivi tu inayojulikana katika kundi letu lote la nyota la Njia Nyeupe.

Mng'ao wa nyota hupimwa kwa madaraja, na namba ikiwa ndogo nyota inang'aa zaidi. Kwenye anga lenye giza jicho huishia karibu daraja la 6. T Coronae Borealis hukaa daraja la 10, na katika mlipuko hutarajiwa kufika daraja la 2. Tofauti ya madaraja 8 ni ongezeko la nuru la zaidi ya mara 1,500.

Tarehe ya mlipuko haijulikani. Mwanaastronomia Bradley Schaefer wa Marekani, aliyechunguza kumbukumbu za miaka mingi, aliona kwamba kabla ya 1946 nyota ilipanda mng'ao kwa miaka kadhaa kisha ikafifia kidogo. Dalili kama hizo zilionekana tangu 2015 na 2023, akakadiria mlipuko katika 2024. Mwaka huo uliisha bila mlipuko. Kwa hiyo mtu akikutajia siku na saa, usipange safari kwa neno lake. Panga kuitazama mara kwa mara.

Hatua ya 1: Hakikisha hali yake ya sasa

Kabla ya usiku wako wa kwanza, ingia kwenye tovuti ya AAVSO, chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika mng'ao kilichoanzishwa 1911. Andika "T CrB" kwenye sehemu ya grafu ya mng'ao. Ukiona nukta zimetulia karibu na daraja la 10, bado inasubiriwa. Ukiona zimeruka kuelekea 3 au 2, acha kusoma na utoke nje.

Hatua ya 2: Jua msimu wake

Nyota hii imo katika kundinyota la Kasi ya Masakini, ambalo ramani za kimataifa huliita Corona Borealis. Kwetu hupita upande wa kaskazini, tena juu vizuri: likifika kileleni huwa digrii 63 hivi juu ya upeo kwa mtu wa Nairobi na digrii 57 kwa mtu wa Dar es Salaam. Saa zifuatazo ni za Afrika Mashariki, na zinaweza kutofautiana kwa dakika kadhaa kutoka mji hadi mji.

Katikati ya Machi huchomoza kaskazini mashariki karibu saa tano usiku. Mwisho wa Aprili huchomoza saa mbili usiku. Mwisho wa Mei huchomoza jua linapozama na kukaa angani usiku kucha. Mwisho wa Juni liko juu kabisa kaskazini saa nne usiku, na mwisho wa Julai saa mbili usiku. Agosti na Septemba litafute kaskazini magharibi mara giza linapoingia. Kuanzia mwisho wa Oktoba na karibu Novemba yote humezwa na mwanga wa jua. Mwisho wa Desemba hurudi kabla ya mapambazuko, likichomoza karibu saa kumi alfajiri. Mwisho wa Januari huchomoza saa nane usiku, na mwisho wa Februari saa sita usiku.

Masika huja na mawingu wakati ule ule kundi hili linapoanza kuonekana mapema usiku, kwa hiyo usikate tamaa kwa wiki mbili za mvua. Kuanzia Juni sehemu nyingi za bara hupata usiku mkavu. Na usidharau miezi ya alfajiri: mlipuko wa 1946 ulitokea Februari.

Hatua ya 3: Fika kwenye kundinyota

Kipimo chako ni mkono. Nyoosha mkono mbele yako: ngumi ina upana wa digrii 10 hivi, na kidole cha mwisho digrii 1.

Anza na nyota ya Simaki, yaani Arcturus. Ni ya rangi ya machungwa na ndiyo angavu kuliko zote upande huo wa anga. Kuanzia Aprili hadi Juni, mapema usiku, unaweza kuifikia kupitia nyota saba za Dubu Mkubwa, ambazo kwetu huonekana chini kaskazini zikiwa zimepinduka. Mpini wake uko upande wa kulia. Fuata mkunjo wa mpini huo kwenda juu na kulia kwa ngumi tatu hivi, utaifikia Simaki.

Sasa tafuta Vega, nyota nyeupe yenye rangi ya buluu kwa mbali. Huchomoza saa kadhaa baada ya Simaki, kaskazini mashariki. Vuta mstari kutoka Simaki hadi Vega. Ukitoka Simaki ngumi mbili hivi kuufuata mstari huo utakuta nyota ya daraja la 2 iliyo peke yake kwa mng'ao wake. Hiyo ni Alphecca. Kama Vega haijachomoza, toka Simaki ngumi mbili kuelekea kaskazini mashariki.

Alphecca ndiyo nyota kuu ya Kasi ya Masakini. Mahali penye giza utaona imeshikana na nyota nyingine sita hafifu zilizojipanga katika nusu duara. Hapa wengi hukosea, kwa sababu ramani nyingi huchorwa Ulaya na Marekani ambako watu huliona kundi hili likiwa limefunguka juu. Mtu wa Mombasa au Mwanza akiangalia kaskazini huliona limepinduka: ni upinde, mgongo juu na uwazi ukitazama chini. Igeuze ramani juu chini, itakaa sawa na anga lako. Kundi linapochomoza, uwazi huo hutazama kushoto. Aliyeko Muscat hulipata karibu na utosi, na ramani aigeuze kufuatana na upande anaoelekea.

Hatua ya 4: Zoea mahali pakiwa patupu

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote. Kundi likiwa juu kaskazini, hesabu nyota za upinde kutoka kushoto kwenda kulia: Theta, Beta, Alphecca, Gamma, Delta, Epsilon, Iota. Simama kwenye Epsilon, ya pili kutoka mwisho wa kulia. T Coronae Borealis iko juu yake, kulia kidogo, kwa umbali wa upana wa kidole cha mwisho. Kwa macho matupu hapo hapana kitu. Ukiwa na darubini ya macho mawili, ya 7×50 au 10×50, utaona nyota ndogo kadhaa za jirani. Zichore kwenye daftari.

Rudia mara nyingi uwezavyo, dakika tano zinatosha. Kila ukitoka, jiulize swali moja: je, kuna nyota ambayo sikuizoea? Ukikaa mjini na upinde hauonekani, bado unaweza kufanya kazi hii. Kariri Simaki na Alphecca. Siku ya mlipuko, nusu ya ngumi kutoka Alphecca, kuelekea kulia kundi likiwa kileleni, utaona nyota nyingine inayolingana nayo. Pale ulipozoea moja patakuwa na mbili.

Simu pia ni msaada. Iegemeze kwenye jiwe au ukuta, tumia mpangilio wa usiku, acha lenzi wazi sekunde 10, na upige picha ya eneo hilo likiwa bado kawaida. Picha hiyo utailinganisha na ile ya siku ya tukio.

Ukienda nje ya mji kutafuta giza, nenda na mwenzako na uwajulishe wenyeji. Yape macho dakika 20 hadi 30 yazoee giza, na ukihitaji taa, ifunike kwa karatasi nyekundu. Mwezi ukiwa mkubwa bado utaiona nova katika kilele, lakini nyota za kulinganishia zitapungua.

Faida ya mazoea haya imeandikwa katika maisha ya Leslie Peltier wa Ohio, mmoja wa watazamaji wakubwa wa Marekani. Aliichunga T Coronae Borealis kwa zaidi ya miaka 25. Usiku wa mlipuko wa 1946 aliamka alfajiri kwa kazi yake, akahisi mafua yanamnyemelea, akarudi kulala. Wengine wakaiona. Upande wa pili yuko John Birmingham wa Tuam, Ireland, ambaye mwaka 1866 alikuwa akirejea nyumbani usiku kutoka kwa rafiki. Aliitambua papo hapo kwa sababu alilifahamu anga la kila siku. Siku nne baadaye William Huggins wa London aliuchanganua mwanga wake na kuona mistari angavu ya hidrojeni. Ilikuwa nova ya kwanza kuchunguzwa kwa njia hiyo.

Hatua ya 5: Ukiiona, thibitisha

Usipige kelele kwanza. Subiri dakika 10. Ndege na setilaiti zitakuwa zimeondoka. Nova itabaki palepale kati ya nyota jirani. Sayari usizihofie, kwa kuwa njia yao iko mbali na kundi hili. Pima tena umbali kutoka Epsilon, piga picha, mwite mtu mwingine aangalie, kisha tazama grafu ya AAVSO.

Hatua ya 6: Kadiria mng'ao na uandike

Magazeti mengi yameandika kwamba nova hii itang'aa sawa na Kutubu, nyota ya kaskazini. Kwa mtu wa Dar es Salaam kipimo hicho hakina kazi, kwa sababu Kutubu haionekani huko. Tumia nyota zilizo karibu: Alphecca ni daraja 2.2, Beta 3.7, Gamma 3.8, Epsilon 4.1 na Delta 4.6. Tafuta nyota moja iliyo angavu kidogo kuliko nova na nyingine hafifu kidogo, kisha kadiria nova imesimama wapi kati yake. Ikiwa katikati ya Alphecca na Beta, andika 3.0. Usiikodolee macho muda mrefu, hasa ikianza kuwa nyekundu. Rangi nyekundu hulidanganya jicho likaiona nyota angavu kuliko ilivyo. Tupia jicho, hama, rudi. Ukitumia ramani ya AAVSO, kumbuka kwamba mng'ao huandikwa bila nukta: 37 maana yake ni 3.7.

Muda ndio unaoharibu taarifa nyingi. Sayansi hutumia saa ya dunia, UTC, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Saa tatu usiku yetu ni 21:00, basi UTC ni 18:00. Saa nane usiku ni 02:00 yetu, basi UTC ni 23:00 ya tarehe iliyotangulia. Walioko Kigali, Bujumbura na Lubumbashi watoe saa mbili, walioko Oman watoe nne. Andika tarehe, saa, makadirio, nyota ulizolinganisha nazo, hali ya mawingu na mwezi. Fungua akaunti ya AAVSO mapema, kwani kutuma taarifa hakuhitaji malipo. Andika ulichokiona, si ulichosoma kwamba wengine wameona. Taarifa iliyokopwa ni hasara kwa kila atakayeitumia.

Siku zinazofuata

Nova hii hushuka kwa kasi. Mwaka 1866 ilionekana kwa macho matupu kwa siku nane tu. Kwa hiyo tazama kila usiku, hata mara mbili kwa usiku mmoja, na uandike kila mara. Ikishatoweka machoni, endelea kwa darubini ya macho mawili hadi ishindikane. Kisha usiiache kabisa: katika milipuko yote miwili, baada ya miezi mitatu au minne ilipanda tena hadi karibu daraja la 8.

Ukiikosa

Huenda mawingu yakakushinda, au ukausoma mwongozo huu mlipuko ukiwa umepita. Ujuzi ulioupata haujapotea. Katika Njia Nyeupe hutokea nova nyingi kila mwaka, na nyingi huonekana upande wa makundi ya Nge na Mshale, kuelekea kitovu chake. Makundi hayo hupita karibu na utosi kwetu, wakati watazamaji wa Ulaya huyaona chini kwenye ukungu wa upeo. Agosti 2021 nyota ya RS Ophiuchi, jirani wa eneo hilo, ililipuka na kuonekana kwa macho matupu, na darubini za H.E.S.S. huko Namibia zikanasa miale ya gama kutoka kwayo. Juni 2025 nova nyingine ilionekana katika kundinyota la Lupus, kusini mwa anga.

Kwa hiyo usiku wa kwanza usio na mawingu, toka nje, itafute Simaki, pima ngumi mbili, kariri mahali palipo patupu karibu na Epsilon. Mfundishe na mtoto, kwa sababu baada ya mlipuko huu T Coronae Borealis itachukua miaka 80 hivi kurudi, na atakayeweza kuiona mara ya pili ni yeye.